Kwa nini 12 ya fonti hii si 12 ya fonti ile

Januari 2023, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliwaagiza watumishi wake waache kuandika nyaraka kwa Times New Roman, waanze kutumia Calibri. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwarahisishia usomaji watu wenye ulemavu. Desemba 2025, chini ya waziri mwingine, agizo likapinduliwa: Times New Roman irudi, pointi 14, kwa hoja kwamba ndiyo yenye hadhi ya kiofisi. Wengi walicheka kuona dola kubwa ikivutana juu ya umbo la herufi. Wengine walichukua upande, na hapo maneno yakaanza kugongana: serifu, pointi, usomekaji, kila mtu akiyatumia kwa maana yake.

Mkanganyiko huohuo humpata yeyote anayepeleka kazi kuchapwa, iwe kadi, kitabu au bango. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa sawa. Karatasi ilipotoka, herufi ni ndogo mno, au zimejaa wino hadi matundu yameziba, au si zile alizochagua. Mara nyingi chanzo ni kimoja. Tunaichukua fonti kama pambo la kuchagua kwa jicho kwenye orodha, wakati ilitengenezwa kwa kazi fulani, karatasi fulani na ukubwa fulani. Times New Roman ilianza kutumika tarehe 3 Oktoba 1932 kwenye gazeti la The Times la London, gazeti lililotaka maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba bila kumchosha msomaji. Calibri, kazi ya Mholanzi Lucas de Groot, ilichorwa ikilenga skrini za kompyuta na ikasambaa na Microsoft Office 2007. Hakuna hata moja iliyobuniwa kwa ajili ya barua ya wizara.

Sura, fonti na familia

Sura ya herufi ni mchoro: uamuzi wa msanifu kwamba a iwe na tumbo kiasi gani, t ikatwe wapi, R inyooshe mguu vipi. Fonti ni chombo kinachoubeba mchoro huo hadi kwenye karatasi. Leo chombo hicho ni faili ndani ya kompyuta. Zamani kilikuwa seti ya vipande vya madini, kila kipande na herufi yake iliyogeuzwa kushoto-kulia, iliyosubiri kupakwa wino na kugandamizwa.

Johannes Gutenberg wa Mainz, Ujerumani, ndiye anayetajwa zaidi, na Biblia yake ya mwaka 1455 hivi ndiyo kazi yake mashuhuri. Alimimina herufi zake kwa mchanganyiko wenye madini ya risasi. Hakuwa wa kwanza duniani: Korea ilikuwa imechapa kitabu cha Kibudha kiitwacho Jikji kwa herufi za madini mwaka 1377, na huko China Bi Sheng alikuwa ametengeneza herufi za udongo wa kuchoma katika karne ya 11.

Enzi za vipande vya madini, sura moja yenye ukubwa wa pointi 10 ilikuwa fonti moja, na sura hiyohiyo yenye pointi 12 ilikuwa fonti nyingine, ya kununuliwa na kuwekwa kwenye sanduku lake. Herufi za mlazo zilikuwa fonti ya tatu. Kompyuta imefuta mipaka hiyo, kwa sababu faili moja hukuzwa au kupunguzwa upendavyo. Siku hizi watu huita vyote fonti, nami nitafanya hivyo hapa. Ila ukisikia familia ya fonti, ndiyo ile jumla: sura moja pamoja na nduguze, yaani nyembamba, ya kawaida, nzito, ya mlazo, iliyobanwa na iliyopanuliwa.

Namba inapima nini

Pointi moja, kwa kipimo cha kompyuta, ni sehemu moja kati ya 72 za inchi, karibu milimita 0.35. Pointi 12 basi ni milimita 4.2 na ushei. Chukua rula upime H kubwa iliyochapwa kwa Times New Roman 12: haifiki milimita 3. Kilichobaki kimekwenda wapi?

Kimebaki kwenye kile kipande cha madini. Herufi ilikaa juu ya kitako, na kitako kililazimika kuwa na nafasi ya shingo za b, d na h kwa juu, na ya mikia ya g, p na y kwa chini. Namba ilipima kitako, kwa kuwa mpanga herufi alipokuwa akipanga mistari ni vitako alivyokuwa akivibananisha. Madini yameondoka lakini kitako hakikuondoka. Kila fonti ya kompyuta bado ina kisanduku kisichoonekana, na msanifu yuko huru kuchora herufi inayokijaza au inayoelea katikati yake. Ni sawa na kutaja ukubwa wa picha kwa kupima fremu.

Kwa hiyo fonti mbili zenye namba moja zinaweza kupishana sana. Kipimo kinachoamua jinsi jicho linavyouona ukubwa ni urefu wa x, yaani kimo cha herufi ndogo zisizo na shingo wala mkia: a, e, o, n, x. Kwa Times New Roman ya pointi 12, kimo hicho ni kama milimita 1.9. Kwa Verdana ya pointi 12 ni kama milimita 2.3. Fonti nyingi zinazoitwa Garamond zinabaki chini ya Times. Ndiyo maana mwongozo unaosema "fonti yoyote, ukubwa 12" haujasema kitu, na mwanafunzi mjanja anayetakiwa kujaza kurasa 10 anajua vizuri aende kwa Verdana.

Mwaka 2014 vyombo vya habari vya Marekani vilieneza habari ya mwanafunzi wa miaka 14 aliyepiga hesabu kwamba serikali ingeokoa mamilioni ya dola za wino kwa kuhamia Garamond. Hesabu ya wino haikuwa na shida: kwa namba ileile, Garamond kweli hutumia wino kidogo. Wasanifu wa herufi wakajibu haraka kwamba hutumia wino kidogo kwa sababu ni ndogo. Ikuze mpaka x yake ilingane na ya Times, na sehemu kubwa ya akiba inayeyuka. Serikali ingeweza kupata akiba hiyo kwa kubaki na fonti yake na kushusha namba, jambo ambalo hakuna gazeti lingeliandika.

Kwa kitabu cha kusoma kwa utulivu, pointi 10 hadi 12 hutosha kwa fonti nyingi, lakini chapa ukurasa mmoja kwanza kwa kipimo chake halisi. Skrini inakuza na kupunguza bila kukuambia, na asilimia 100 ya programu si lazima iwe sawa na sentimita za rula.

Serifu na zisizo na serifu

Serifu ni vile vistari vidogo vinavyomalizia ncha za herufi: angalia chini ya miguu ya n kwenye Times, au juu na chini ya I. Vilikuwepo kwenye maandishi yaliyochongwa na Warumi kwenye mawe, na wachapaji wa Italia wa karne ya 15, kama Nicolas Jenson aliyefanya kazi Venice, wakavirithi. Fonti ya kuchapia isiyo na serifu ilichelewa sana. Ya kwanza inayojulikana kwa herufi za Kilatini ilitoka London mwaka 1816, katika karakana ya William Caslon IV, ikiwa na herufi kubwa tu. Arial, Helvetica, Calibri na Verdana ni za ukoo huo usio na serifu.

Hapa ndipo uvumi ulipojaa zaidi. Utasikia kwamba serifu ni za karatasi na zisizo na serifu ni za skrini, kama kwamba ni kanuni ya maumbile. Ilikuwa na mantiki yake wakati skrini zilikuwa na nukta 72 au 96 kwa inchi. Kistari chembamba cha serifu hakikuwa na nukta za kutosha kukichora, kikatokea kama uchafu. Printa ya leza ya kawaida ina nukta 600 kwa inchi, na mabamba ya kuchapia ya ofseti, mitambo mikubwa ya viwanda vya uchapaji, huchorwa kwa nukta kama 2,400, kwa hiyo karatasi iliweza kubeba kile ambacho skrini ilishindwa. Simu za leo zina skrini laini kuliko printa nyingi za zamani. Sababu imekwisha, kanuni imebaki midomoni.

Uvumi wa pili unadai kwamba serifu huliongoza jicho kwenye mstari na hivyo husomeka haraka zaidi. Tafiti zimefanyika kwa miongo mingi, na zikipanga fonti zenye kimo kinachofanana hazijaonyesha tofauti kubwa inayojirudia. Kinacholeta tofauti ni kimo cha x, nafasi kati ya herufi, urefu wa mstari, na mazoea.

Mazoea yana nguvu kuliko tunavyokubali. Katikati ya karne ya 18 John Baskerville wa Birmingham alitoa herufi zenye mistari myembamba kuliko zilizozoeleka Uingereza, na wakosoaji wakadai zingewaumiza wasomaji macho. Benjamin Franklin, aliyekuwa mchapaji kabla ya kuwa mwanasiasa, alimwandikia Baskerville kisa cha bwana mmoja aliyeshikilia hoja hiyo. Franklin alichukua karatasi ya mfano ya herufi za William Caslon, mchongaji wa London wa karne hiyohiyo, akachana sehemu ya juu yenye jina, akamwambia kwamba hizo ni za Baskerville, amwonyeshe kasoro. Yule bwana akazionyesha moja baada ya nyingine, akilalamika kwamba macho yanamuuma. Herufi za Caslon ndizo zilizokuwa kwenye vitabu alivyokuwa akivisoma maisha yake yote.

Na wale wasioona kabisa? Programu inayosoma maandishi kwa sauti haitazami umbo la herufi. Inasoma namba za msimbo ambazo kompyuta huzipa herufi, kwa hiyo faili la Times na faili la Calibri kwake ni kitu kimoja. Umbo lina maana kwa mtu mwenye uoni hafifu, na kwa mashine inayopiga picha karatasi kisha kujaribu kuitambua kila herufi. Hapo fonti ambayo I kubwa, l ndogo na namba 1 hazifanani ina faida ya kweli, na kigezo hicho hakihusiani moja kwa moja na serifu. Kwa Arial, I na l ni mapacha.

Uzito, mlazo na vya bandia

Uzito ni unene wa mistari ya herufi. Mafaili mengi ya leo huupanga kwa namba kutoka 100 hadi 900, ambapo 400 ni kawaida na 700 ni nzito. Katika familia iliyotengenezwa vizuri, herufi nzito imechorwa upya: mistari imenenepa, lakini tundu la e limelindwa lisizibe, na upana umeongezwa kidogo.

Programu nyingi zina kitufe cha B. Kama familia ina fonti yake nzito, kitufe kinaiita. Kama haina, programu haikuambii. Inaichukua herufi ya kawaida na kuipaka pembeni hadi inenepe. Matokeo yake ni herufi iliyovimba, na kwenye karatasi inayonyonya wino huvimba zaidi. Kitufe cha mlazo nacho hufanya hivyohivyo. Mlazo wa kweli, uliotumika kwenye kitabu kizima kwa mara ya kwanza na Aldus Manutius wa Venice mwaka 1501 kwa herufi zilizochongwa na Francesco Griffo, ni mwandiko wa aina yake. Tazama a ya Times inavyopoteza paa lake la juu inapolazwa. Mlazo wa bandia ni herufi ileile iliyosukumwa ikaegemea upande. Ukiona a bado ina paa lake kwenye sura yenye serifu, kuna uwezekano mkubwa kwamba familia haina mlazo, au faili lake halijawekwa kwenye kompyuta yako.

Jambo jingine dogo linalowatesa wanaopanga hesabu ni upana wa tarakimu. Fonti kama Courier huipa kila herufi upana mmoja, i sawa na m. Fonti nyingine humpa kila mmoja haki yake, na hiyo ni nzuri kwa maneno, lakini kwenye safu ya namba 1 ikiwa nyembamba kuliko 8, mamia hayakai chini ya mamia. Fonti nyingi nzuri zina aina mbili za tarakimu ndani yake, na ile ya majedwali huwa na upana sawa. Inabidi uichague.

Wino hautii mchoro

Skrini huwasha nukta na kuzima. Karatasi hunywa. Wino ukigusa karatasi isiyopakwa, kama ya gazeti, husambaa kuingia kwenye nyuzi, na kila mstari hutoka mnene kuliko ulivyochorwa. Karatasi iliyopakwa, ile laini yenye kung'aa, huuzuia wino ukae juu na mstari hubaki na kingo kali. Fonti moja kwenye karatasi hizo mbili inaweza kuonekana kama fonti mbili.

Baskerville alilijua hilo, na hakuishia kuchonga herufi. Alishughulikia wino wake uwe mweusi zaidi na akaibana karatasi kwa joto iwe laini, kwa sababu bila hivyo mistari yake myembamba isingeonekana ilivyo. Giambattista Bodoni wa Parma na ukoo wa Didot wa Paris wakaenda mbali zaidi mwishoni mwa karne hiyo: mistari ya wima minene, ya mlalo kama unywele. Fonti za aina hiyo hupendeza sana kwenye jalada la jarida. Zichape kwa pointi 8 kwenye karatasi ya bei nafuu na unywele utakatika, n itabaki kama vijiti viwili visivyojuana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Bell Centennial. Katika miaka ya 1970 kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilihitaji herufi mpya za vitabu vyake vya namba za simu, vilivyochapwa kwa kasi kwenye karatasi hafifu, kwa ukubwa wa pointi kama 6. Matthew Carter akachora herufi zenye makovu: kila mahali mistari miwili inapokutana, kama kwenye kona za N au M, alikata mfereji kuingia ndani. Ukiikuza Bell Centennial kwenye bango inatisha, kama iliyotafunwa na panya. Kwenye kitabu cha simu wino ulisambaa ukaijaza mifereji hiyo, na herufi ikatoka timilifu. Carter huyohuyo ndiye aliyechora Verdana ya mwaka 1996 kwa ajili ya skrini za wakati ule zenye nukta kubwa.

Wachongaji wa zamani walifanya kitu cha namna hiyo kila siku bila kukipa sifa. Kwa kuwa kila ukubwa ulichongwa peke yake, herufi za pointi 6 zilitengenezwa nene kidogo, pana kidogo na zenye nafasi zaidi, na za pointi 36 zikapewa wembamba na madaha. Kompyuta ilipoanza kukuza mchoro mmoja kwa ukubwa wote, hekima hiyo ilipotea kwa muda. Imeanza kurudi: familia kadhaa zina fonti tofauti kwa vichwa vya habari na kwa maelezo madogo chini ya picha, na tangu mwaka 2016 kuna aina ya faili la fonti ambalo uzito na upana wake hubadilika kama kitasa cha redio kinavyozungushwa. Ukinunua familia yenye fonti ya vichwa, usiipange kwenye aya. Jina lake limeshakuambia.

Rangi nayo ina mitego. Mitambo ya rangi huchapa kwa wino nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi, kila mmoja na bamba lake. Maandishi ya aya yachapwe kwa wino mweusi peke yake. Ukichagua "nyeusi" inayochanganya wino zote nne, mabamba yakiachana kwa sehemu ndogo tu ya milimita, kila herufi itapata kivuli cha rangi pembeni na kusoma kutachosha. Tatizo hilo hujitokeza hasa kwa picha na maandishi yaliyotengenezwa kwa rangi za skrini kisha kubadilishwa dakika ya mwisho. Na maandishi meupe ndani ya eneo jeusi yanahitaji fonti nene kuliko kawaida na pointi moja au mbili zaidi, kwa sababu sasa wino unasambaa kuelekea ndani ya herufi na kuila.

Nafasi ni sehemu ya fonti

Ndani ya faili la fonti, kando ya michoro, kuna vipimo vya upweke: herufi hii ikae umbali gani na jirani yake. Kuna pia orodha ya jozi zenye matatizo. A na V zikisimama kwa umbali wa kawaida huacha pengo kama la jino lililong'oka, kwa hiyo fonti nzuri huamuru zisogezwe. Fonti za bure zilizotengenezwa haraka mara nyingi huonyesha udhaifu wake hapo, kabla hata hujatazama umbo.

Nafasi kati ya mistari iko mikononi mwako. Programu nyingi huanza na asilimia 120 hivi ya ukubwa wa fonti, pointi 12 kwa fonti ya pointi 10. Fonti yenye x ndefu huhitaji zaidi, na mstari mrefu huhitaji zaidi pia. Kwa mstari wa aya, herufi 45 hadi 75 pamoja na nafasi ndicho kiasi kinachopendekezwa na wengi. Times New Roman ya pointi 12 kwenye karatasi ya A4 yenye kingo za sentimita 2.5 huzaa mstari wa herufi 90 hivi. Lawama nyingi zinazotupiwa Times zinatokana na hilo: ni fonti ya safu nyembamba iliyonyooshwa kwenye shamba zima.

Kiswahili kinaongeza shida yake. Maneno yetu hubeba nafsi, njeo na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo neno kama "walivyotusababishia" ni la kawaida kabisa. Ukiamuru kingo zote mbili za safu zinyooke, na programu haijui kulikata neno mwishoni mwa mstari, itayasukuma maneno mawili matatu yaliyobaki hadi yaachwe na mashimo. Ama weka kanuni za Kiswahili za kukata maneno kama programu inazo, ama uiache kingo ya kulia bila kunyooka. Ya pili haina aibu yoyote. Angalia pia alama ya ng' katika maneno kama ng'ombe: fonti za mapambo wakati mwingine hazina alama hiyo, na programu hutoa kisanduku kitupu au huiazima kutoka fonti nyingine.

Kuandika aya nzima kwa herufi kubwa ili ionekane ya maana hakusaidii. Hula nafasi zaidi, huondoa shingo na mikia inayoyapa maneno maumbo tofauti, na huyalazimisha macho kusoma kitu yasichokizoea. Kwa kichwa cha maneno mawili, sawa, hasa ukiongeza nafasi kidogo kati ya herufi.

Faili lisilosafiri na fonti yake

Ukituma waraka wa kawaida wa programu ya kuandikia, mara nyingi unatuma maneno na jina la fonti, si fonti yenyewe. Kompyuta ya kiwanda cha uchapaji isipoikuta, itaweka nyingine, mistari ikakatika kwingine na kurasa zikahama. Arial iliyotengenezwa na Monotype mwaka 1982 ilipewa upana wa herufi uleule wa Helvetica, kwa hiyo moja ikichukua nafasi ya nyingine mistari haivunjiki. Fonti nyingi hazina pacha wa kuziokoa.

Dawa ni PDF iliyopachikwa fonti ndani. Baadhi ya fonti huzuia kupachikwa kwa amri iliyo ndani ya faili, na hapo wengine huzigeuza herufi kuwa michoro. Inafaa kwa nembo au bango. Kwa kitabu ni balaa, kwa sababu kosa la tahajia likigunduliwa hakuna tena herufi ya kusahihisha, na herufi ndogo huweza kutoka nene kidogo.

Fonti ni programu, na kama programu nyingine ina mwenyewe na ina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 2017 huko Pakistan, wachunguzi wa mali za familia ya waziri mkuu wa wakati huo, Nawaz Sharif, walitilia shaka waraka wenye tarehe ya 2006 kwa kuwa ulikuwa umeandikwa kwa Calibri, fonti iliyowafikia watumiaji kwa jumla mwaka 2007, ingawa matoleo ya majaribio yalitangulia. Kuhusu mwenyewe, "nimeipakua bure" haina maana ya "ninaruhusiwa". Fonti nyingi za bure ni kwa matumizi binafsi tu, na kuzichapa kwenye bidhaa ya kuuza kunahitaji leseni. Zile zenye leseni huria iitwayo SIL Open Font License, zikiwemo nyingi za Google Fonts, unaweza kuzichapia biashara na kuzipachika bila kumwomba mtu. Soma faili la leseni linalokuja na fonti. Kwa kawaida ni kurasa chache tu.

Kabla ya kuituma PDF, ifungue, nenda kwenye sifa za faili, utafute sehemu ya fonti. Kila jina liwe na maelezo kwamba fonti imepachikwa, yote au sehemu yake tu inayotumika. Jina lisilo na maelezo hayo lirudishe kwenye programu uliyotumia, ubadilishe fonti au mipangilio ya kuhifadhi, kisha utengeneze PDF upya. Baada ya mabamba kuchongwa, marekebisho hayohayo yatalipiwa.